MKWECHE UNATEMA OILI MBELE? USIKIMBILIE KUNUNUA SILI!

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na viwanja vya starehe, tuingie gereji. Ndiyo, gereji! Na wewe dada'ngu usifunue ukurasa mwingine, yanakuhusu. Siku hizi akina dada wengi wana usafiri wao, na wapo mafundi ambao wakiona sketi imesimama pembeni ya boneti, bei inaongezeka sifuri moja.

Tunazungumzia oili inayovuja mbele ya injini kwenye gari la zamani. Namaanisha zile Land Rover, Hilux, Land Cruiser na Hiace zilizokula chumvi nyingi, zimepita mikononi mwa watu watano au sita, na kila mmoja ameziachia alama yake. Mkweche, kwa lugha ya mtaani. Wala mkweche si tusi. Wapo wazazi wamesomesha watoto mpaka chuo kikuu kwa mkweche.

Stori yetu tuipeleke Mbinga, mkoani Ruvuma, na kule chini kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Kwa nini huko? Kwa sababu barabara ya huko haitaki mchezo na injini mbovu. Mji wa Mbinga upo juu kwenye milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe lipo kwenye mita 475 hivi. Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kama kilometa 66, kwa hiyo ukiondoka mjini ujue mbele yako kuna kushuka, tena kushuka kwa kona. Ukirudi ni kupanda. Siku hizi kuna lami, vijana wanateleza tu, lakini lami haikuondoa mlima. Ukiiacha na kuingia njia za mashambani unakutana na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Magari ya zamani ndiyo punda wa huko. Msimu wa kahawa yanabeba magunia. Msimu ukiisha yanabeba mahindi, maharage, maharusi, wagonjwa na dagaa wa Nyasa. Mwenye gari akiona matone chini asubuhi anasema, "Aah, hilo la kawaida, gari la zamani hilo." Anaongeza nusu lita, anapiga stata, safari inaendelea. Hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

KWA NINI MBELE NI BALAA?

Oili ikivuja nyuma ya injini, itachafua klachi na gari litaanza kukosa nguvu mlimani. Ikivuja chini kwenye sampu, itachafua uwanja wa watu. Ni kero, lakini kero inayokupa muda. Mbele ni habari nyingine, kwa sababu huko ndiko anakokaa bwana mkubwa anayeitwa taimingi.

Kwa kifupi ni hivi. Chini ya injini kuna krenki inayozungushwa na pistoni. Juu, au ubavuni kwa injini nyingine, kuna kemshafti inayofungua na kufunga valvu. Hawa wawili lazima wacheze ngoma moja, na kinachowaunganisha ni cheni ya chuma au mkanda wa mpira wenye meno. Cheni inaishi ndani ya oili na inaifurahia. Mkanda ni kinyume chake. Ukilowa oili unavimba, unalainika, na mwisho wake meno yanang'oka au unakatika kabisa.

Sasa angalia gari lako liko kundi gani. Land Rover 109 za zamani zina cheni. Hilux ya petroli yenye injini ya 22R nayo ina cheni. Lakini Hilux za dizeli zenye injini ya 2L au 3L, Land Cruiser yenye 1HZ, na Defender yenye 300Tdi iliyoanza kutoka mwaka 1994, zote hizo zinatumia mkanda. Usione aibu kumuuliza fundi. Ni swali la kwanza kabla ya mengine yote.

Mkanda ukikatika kwenye dizeli, pistoni inapanda huku valvu bado iko chini. Zinapigana vichwa. Valvu zinapinda, na wewe unaanza kutafuta mshiko wa ovahoo. Hiyo ni upande wa mfuko tu. Fikiria upande wa roho. Gari limejaa abiria, linashuka kuelekea ziwani, injini inazima ghafla. Stelingi ya pawa inakuwa nzito kama unazungusha jiwe la kusagia. Breki zenye sevo zinabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama gogo. Asikwambie mtu, hapo hata bishoo wa mjini anakumbuka sala zote alizofundishwa utotoni.

Madereva dunia nzima wana utani wao kuwa Land Rover isiyovuja oili ujue imeishiwa. Tucheke kidogo... halafu tufungue boneti.

KWANZA JUA KINACHOVUJA

Usiku egesha gari mahali pa tambarare, tandika boksi kuukuu au gazeti chini ya injini (gazeti hili ulimalize kusoma kwanza, tafadhali). Asubuhi angalia doa liko wapi na lina rangi gani. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii, ya petroli huwa ya kahawia kisha inaelekea weusi. Ukiona kitu chekundu na chepesi, mara nyingi ni mafuta ya pawa stelingi. Ukiona maji ya kijani au mekundu, hayo ni ya rejeta. Wako watu wamebadilishiwa sili ya krenki mara mbili kumbe kinachovuja ni paipu ya pawa stelingi iliyo juu yake!

Ukishajua kuwa ni oili ya injini, usimwite mtu anunue kitu bado. Osha injini. Najua utasema kuosha ni mbwembwe, lakini ndiyo kazi yenyewe. Kwenye injini iliyoganda tope na grisi la miaka kumi hakuna fundi anayeona kitu. Atakuwa anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako.

Oshea injini ikiwa imepoa. Funika alteneta na nyaya kwa mfuko wa nailoni. Pakaa mafuta ya taa kwa brashi, kwangua uchafu, kisha sabuni na maji. Petroli usiiguse kwa kazi hiyo, cheche moja tu na utaota moto ambao hukuuomba. Acha ikauke kabisa, halafu chukua poda ya mtoto, rushia kidogo mbele ya injini kuanzia juu mpaka chini. Poda ikiwa haipo, unga unafaa, ila kule mwambaoni ukionekana unamwagia injini unga wa muhogo mama mkwe anaweza kuitisha kikao.

Washa injini, iache mpaka ipate moto, endesha kidogo, rudi uangalie kwa tochi. Ukichungulia injini ikiwa inanguruma, weka mbali khanga, mikono mirefu ya shati, nywele za kusuka na cheni za shingoni. Feni haina urafiki na mtu.

Sasa sheria kubwa ya leo, ikate uibandike ukutani: TAFUTA MAHALI PA JUU KABISA PALIPOLOWA. Oili inateremka, na upepo wa feni unaisukuma nyuma. Kwa hiyo pale inapodondoka si pale inapotoka. Doa liko chini ya puli, fundi anasema, "Bosi, sili ya krenki hiyo." Kumbe imeanzia juu kwenye tapeti kava, imeteremka taratibu kama mtu anayetoka Mbinga kwenda ziwani, imefika chini ndo ikaonekana.

WATUHUMIWA WENYEWE

Tuanze juu tushuke. Wa kwanza ni gasketi ya tapeti kava. Mpira wake ukizeeka unakuwa mkavu kama ngozi ya ngoma, na hapo hauzibi tena. Ni kazi nyepesi na gasketi yake ni ya bei nafuu kuliko wenzake, ndiyo maana uanzie hapo.

Wa pili ni sili ya kemshafti, kwenye injini ambazo kemu iko juu. Huyu ni hatari kwa sababu oili yake inashukia moja kwa moja kwenye mkanda. Wa tatu ni swichi ya presha ya oili. Ni kadude kadogo kanakaa ubavuni, lakini kakipasuka kanamwaga oili mpaka unadhani injini yote imekufa. Filta nayo iangalie. Ikifungwa vibaya, au mpira wa filta ya zamani ukibaki umegandia ukafunga mpya juu yake, itatema oili kama bomba la mtaani.

Wa nne ni gasketi ya taimingi kava. Wa tano ndiye sili ya krenki, nyuma ya ile puli kubwa ya chini. Dalili yake huyu ni kwamba puli inachukua oili na kuirusha, kwa hiyo unakuta duara la oili limechorwa kwenye vitu vinavyoizunguka. Wa sita ni upande wa mbele wa gasketi ya sampu.

Wenye Defender za 200Tdi na 300Tdi wana bahati. Chini ya kava ya mkanda kuna tundu dogo lenye bolti ya kuziba kwa ajili ya kuvuka maji. Ifungue. Ikidondoka oili ujue ndani kunavuja na mkanda uko hatarini. Kukiwa kukavu, shukuru Mungu, urudishe macho nje.

MTUHUMIWA ASIYETAJWA

Haya, hapa ndipo penye siri. Unaweza kubadilisha sili leo, na baada ya mwezi mmoja inavuja tena. Unamlaumu fundi, fundi anamlaumu Mchina, muuza spea anawalaumu wote wawili. Kumbe mwenye kosa amejificha. Anaitwa brida, bomba la kupumulia la injini.

Moshi na upepo kidogo hupenya pembeni ya pistoni na kushuka chini. Upepo huo lazima upate pa kutokea, na mlango wake ni brida. Kwenye vumbi na masizi, bomba hilo linaziba. Upepo ukikosa mlango unatafuta dirisha, na dirisha ni sili. Ukizibana na mpya zote, utakuwa unapuliza puto tu.

Kwa hiyo kabla ya sili, chomoa bomba la brida, lipulize kwa mdomo, lisafishe kwa mafuta ya taa, likaushe, lirudishe. Lililopasuka badilisha. Halafu injini ikiwa inanguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili. Upepo kidogo ni wa kawaida kwa gari la umri huo. Lakini kama moshi unatoka kwa kishindo, "puf, puf, puf," kama treni ya makaa, basi ringi za pistoni zimechoka. Hapo sili mpya itakuwa sawa na kumpaka poda mgonjwa wa malaria.

Tena usijaze oili kupita alama ya juu kwenye kijiti. Wapo wanaojaza kwa imani kuwa nyingi ndiyo nzuri. Oili iliyozidi inapigwa na krenki, inatoka povu, na inasukumwa kwenye sili hizo hizo.

KAMA KWELI NI SILI

Ikithibitika kuwa ni sili ya krenki, kazi inafanyika hata Mbinga mjini, chini ya mwembe au chini ya mti wowote wenye kivuli. Kinachotakiwa ni utulivu. Puli itolewe kwa kifaa cha kuvutia, mafundi wanaita pula. Ukimwona mtu ameshika nyundo anapiga puli pembeni, mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba tutafute pula." Puli ikipasuka hiyo ni gharama nyingine.

Sili ya zamani itolewe bila kukwaruza krenki. Iweke mfukoni, nenda nayo dukani. Nyingi zimeandikwa namba tatu, yaani upana wa ndani, upana wa nje na unene, kwa milimita. Namba hizo ndizo zitakazokuokoa ukiagiza spea kutoka Songea, au ukimpigia mshikaji wako aliyeko Gerezani, Kariakoo, akupakilie kwenye basi. "Niletee sili ya Hilux" haitoshi. Hilux ziko ngapi?

Kabla ya kufunga mpya, pitisha ukucha pale sili inapogusa chuma. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, chuma kimelika, na sili mpya itavuja kuanzia siku ya kwanza. Dawa yake ni kuisogeza sili kidogo ili mdomo wake ukae mahali pasipolika, kama nafasi ipo, au kuvisha slivu nyembamba ya chuma juu ya mfereji huo. Fundi mwenye uzoefu analijua hilo.

Sili ya mpira ipakwe oili mdomoni, la sivyo itaungua injini ikiwashwa tu. Upande wenye kaspringi kadogo utazame ndani kwenye oili. Igongwe taratibu pande zote kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo, iingie sawasawa. Ikiingia upande upande umefanya kazi bure.

Na mkanda je? Kama umelowa oili, badilisha. Usikubali kuambiwa "tuuoshe kwa petroli utarudi kama mpya". Mpira ukishakunywa oili haitapiki. Ukiwa umefika huko ndani, na kemu iko pale pale wazi, badilisha na sili yake. Bei ya kufungua unalipa mara moja.

Neno moja kuhusu gamu, ile silikoni ya tyubu. Vijana wa gereji wanaipaka kama siagi kwenye mkate. Inayobanwa nje unaiona, inayobanwa ndani huioni. Inakatika vipande vipande, inaingia kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inakufa kwa kiu ilhali oili imejaa. Uzi mwembamba unatosha.

SAFARI KABLA YA GEREJI

Najua mshiko haupatikani kila siku, na si kila anayevuja atatengeneza leo. Basi angalau jiheshimu. Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa tambarare. Andika kwenye daftari umeongeza kiasi gani na baada ya kilometa ngapi. Kama jana ulikuwa unaongeza kwa mwezi na leo unaongeza kwa wiki, usisubiri dalili nyingine. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama na uzime hapo hapo, hata kama abiria wanapiga kelele. Na kama gari ni la mkanda na mbele kumelowa, usilishushe ziwani na watu ndani mpaka kava ifunguliwe na mkanda uonekane kwa macho.

Ukifika Mbamba Bay au Liuli salama, nakuomba kitu kimoja. Usiingize gari ziwani kuosha injini. Maji hayo watu wanachota ya kunywa, na dagaa na mbasa wanaishi humo humo. Osha mbali, na oili chafu ichukue kwenye dumu.

Halafu tafadhali, panga muda. Liuli yenyewe ina somo lake. Mwaka 1914 Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo. Agosti ya mwaka huo vita kuu ikaanza, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ikavuka ziwa na kuifyatulia mizinga ikiwa hapo hapo juu, haiwezi kwenda mbele wala nyuma. Kahawa ya Mbinga nayo haisubiri mtu aliye juu ya jeki. Inapoanza kuiva katikati ya mwaka, gari lako liwe limeshashuka chini, limefungwa bolti zote.

Kwa hiyo kesho asubuhi tandika boksi lako, ushike tochi, uangalie juu kabla ya kuangalia chini. Fundi akikwambia "ni sili", muulize maswali matatu tu. Umeosha ukaona inapoanzia? Brida umeipuliza? Hili ni la mkanda au la cheni? Akijibu yote matatu bila kujikuna kichwa, mpe kazi. Akianza kucheka, mshukuru, funga boneti, nenda gereji ya jirani.

Kwa leo naweka nukta. Wiki ijayo panapo majaliwa tukutane hapa hapa. Endesha salama mshikaji, na mlimani shuka kwa gia!